MC wa send-off ya binti yetu, na maksi nilizompa

Nisizunguke: huyu MC ni mzuri. Nampa maksi 76 kwa 100, na ningemchukua tena kwa sharti moja nitakalolieleza. Jina lake sitaliandika kwa sababu kasoro zake nazo nitazitaja, na kijana bado anatafuta riziki kwa kazi hii. Anayemhitaji kweli atanitumia ujumbe, nitampa namba.

Tulimlipa 800,000, nusu tulipokubaliana na nusu jioni ya shughuli. Hiyo ni yeye peke yake. Muziki tulitafuta kwingine. Tulipokuwa tunaulizia, mmoja alitutajia milioni mbili na nusu, mwingine akasema laki tatu, mradi alishwe na arudishwe nyumbani. Huyu wetu aliletwa kwenye kikao na mjumbe mmoja aliyemwona kwenye kipaimara. Nilimuuliza kama amesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, akanionyesha karatasi zake bila kununa. Hilo peke yake lilinipa moyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi nilikuwa mlezi wa klabu ya midahalo shuleni, na kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na karatasi yenye safu: hoja, lugha, sauti, muda, heshima kwa wasikilizaji. Mazoea hayo hayajaniacha. Kaka yangu aliponiteua katibu wa kamati ya send-off ya bintiye, suala la MC likawa langu, na siku yenyewe nilikaa meza ya pembeni na daftari nikiandika.

Nataka kusema jambo moja kuhusu kamati zetu. Tunakaa vikao juu ya vikao. Tunajadili kadi za michango, mapambo ya meza kuu, kama kuku awe wa kukaanga au wa kuchoma, mpaka watu wanapandishiana sauti. Ikifika zamu ya MC, mtu anasema "kuna kijana anachekesha sana," wote wanaitikia, tunahamia keki. Kuchekesha ni kitu kidogo katika kazi ile. MC ndiye anayeshika zamu za watu wengine kusema. Baba wa binti, mama, shangazi, wakwe, bibi aliyetoka kijijini, wote wanapita mkononi mwake, na wengi wao hawajawahi kushika maiki maishani. Ukitaka kumpima MC, wasikilize hao. Je, walisikika? Walimaliza walichotaka kusema? Walirudi kwenye viti vyao wakiwa na heshima yao? Mimi nilimpima hivyo.

Aliwasili ukumbini, huko Sinza, saa kumi jioni. Kadi zilisema saa kumi na mbili, na kila mtu wa Dar es Salaam anajua maana ya saa kumi na mbili ya kwenye kadi. Yeye alikuja wakati wapambaji bado wako juu ya ngazi. Akamsalimia DJ, akamwomba aweke wimbo wowote, akaenda kusimama kwenye meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ambako siku zote tunawaweka majirani. Akasikiliza. Akarudi, akaomba besi ipunguzwe. Halafu akamkabidhi mpambaji mmoja maiki, akamwambia aseme neno lolote, yeye akarudi tena kule nyuma. Spika ya kushoto ilikuwa inapiga mluzi mtu akiisogelea, kwa hiyo akavuta kiti cha wasemaji hatua chache kulia na kuweka utepe chini sakafuni. Usiku mzima hakuna mzungumzaji aliyepigiwa mluzi. Nimehudhuria shughuli kubwa kuliko hii ambako baba wa binti aliongea dakika kumi na watu wa nyuma wakaambulia mwangwi tu. Kwenye safu ya sauti nilimpa zote, na maksi nyingi kati ya hizo alizipata kabla mgeni hata mmoja hajaingia.

Sisi ni Wachaga wa Kibosho, na wakwe zetu ni Wahaya wa Muleba. Mwenye kujua majina ya Kihaya anajua kazi aliyokuwa nayo. Alinipigia siku chache kabla: "Shikamoo mwalimu, naomba majina ya watakaosema na watakaotambulishwa, na uniambie kila mmoja anaitwaje na watu wa nyumbani kwake." Nikamtumia orodha. Akanipigia tena, akayasoma moja baada ya jingine, na pale aliposita akaomba namba ya mtu wa upande wa pili amsaidie. Jioni ile alipotamka jina la babu wa bwana harusi, jina refu lenye silabi za kuteleza, meza nzima ya wakwe ilishangilia kabla babu mwenyewe hajasimama. Nikaliona lile na nikaandika. Mgeni akitamkiwa jina lake sawasawa ugenini, hata kama chakula kitachelewa atavumilia. Na kwetu kilichelewa kweli, ila hilo ni la mpishi, siliingizi humu.

Kwenye majina aliteleza mara moja. Wakati wa kuita watu wa kulishwa ndafu alimruka shangazi mkubwa, akaenda moja kwa moja kwa mjomba. Katika ukoo wetu hilo linaonekana. Nilimwinulia mkono, akaelewa, akamrudia shangazi kwa adabu na akampa nafasi ndefu kuliko wengine. Maksi mbili zilikatwa, moja ikarudi.

Ndafu yenyewe aliieleza vizuri. Wageni wa upande wa pili walikuwa wanamtazama yule mbuzi mzima aliyebanikwa, na majani mdomoni, wasijue wacheke au wapige picha. Alikuwa ameshaniuliza mapema nini kinafanyika na kwa nini, akawaeleza kwa sentensi tatu au nne, kisha akanyamaza akawaacha wahusika wafanye. Upande wa wakwe walipoleta zawadi ya senene, akafanya vivyo hivyo kwa watu wetu. Hakufanya mzaha wa "wadudu". Kuna ma-MC wanaoishi kwa mzaha huo, na wakwe hucheka kwa nje tu.

Sasa nifike pale alipopata maksi zake kubwa. Mama yetu mzazi, bibi wa binti, alitoka Kibosho kwa ajili ya shughuli hii. Kiswahili anakisikia, lakini jambo la moyoni analisema kwa Kichaga, na anaposema mikono yake haitulii. Alipokaribishwa alikataa kukaa meza kuu, akataka asimame karibu na mjukuu wake. Ukimpa mtu wa namna hiyo maiki, utasikia neno la kwanza, na mengine yote yataishia kiunoni mwake, maana maiki inafuata mkono. Niliona wasiwasi usoni kwa kaka yangu.

MC akaleta kiti, akamkalisha bibi akitazamana na binti, akapiga goti pembeni yake na kumshikia maiki chini ya kidevu. Bibi akigeuka kushoto, mkono wa kijana unageuka naye. Akiinama kumshika binti mashavu, maiki inashuka. Alikaa kwenye goti lile kwa muda wote bibi aliosema, na bibi alisema sana. Mpwa wangu aliyekuwa anatafsiri alitaka kumkatiza kila baada ya maneno machache. MC akamwonyesha kiganja: subiri. Akamwacha bibi amalize fungu zima ndipo akamsogezea mpwa maiki ya pili. Kwa hiyo tulisikia sauti ya bibi ikienda kwa mwendo wake, na wakwe wakapata maana yake kwa utulivu. DJ alijaribu kuingiza kinanda cha chinichini, kile cha kuwaliza watu. MC alimwangalia mara moja tu, kinanda kikazimwa.

Bibi alimkumbusha binti kwamba jikoni kwa mama mkwe aulize kwanza chumvi iko wapi, asijifanye anajua. Akamwambia mama mkwe kwamba huyu mtoto akinyamaza ujue ana njaa au ana hasira, umpe chakula kwanza halafu ndipo umuulize. Ukumbi ulicheka na wengine wakalia. Akanywa mbege kwenye kata, akampa mjukuu, akamaliza. MC hakuongeza neno la hekima lake juu ya la bibi. Alisema "Asante bibi," akamsindikiza hadi kwenye kiti chake, akarudi na kuendelea na ratiba. Katika klabu ya midahalo nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mwenyekiti mzuri hajibu hoja za wazungumzaji. Huyu hakuwa mwanafunzi wangu, lakini alilijua hilo.

Baba wa binti naye, MC alimsaidia kwa njia nyingine. Kaka ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameandikiwa hotuba na mtoto wa jirani. MC aliiona ile karatasi mapema, kurasa mbili zimejaa, akamwuliza, "Mzee, katika haya yote, lipi ukilisahau utaumia?" Kaka akamwonyesha mistari miwili. "Basi anza na hiyo." Kaka akaanza nayo, akasema mengine matatu ya kwake, akakaa. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote za wanaume usiku ule, na karatasi ilibaki mfukoni.

Muda aliushika kwa ukali unaofaa. Ukumbi ulikuwa na amri ya kuzima muziki saa sita usiku. Kila msemaji aliambiwa dakika tatu, na walielewana kwamba MC akija kusimama kwenye kona ya meza kuu, iliyobaki ni sentensi ya kufunga. Wengi walitii. Mwenyekiti wa kamati yetu alitaja vyeo vya kila mtu aliyekuwepo, kisha akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza upya. Kwake kona haikufua dafu. Kwenye zawadi MC alikuwa makini zaidi: kila kundi liliingia likicheza, lakini wimbo ulikatwa kundi likishafika mbele. Walionuna walikuwepo. Ila tulimaliza kabla ya saa sita, na wazee walipata usafiri.

Lugha ndiyo safu niliyomkatia kwa uchungu, kwa sababu uwezo anao. Akiwa anazungumza na mtu mmoja, Kiswahili chake kinatiririka, kina methali anazozitumia mahali pake, hakina haraka. Akigeukia ukumbi mzima anabadilika. Kila kipengele kinafunguliwa kwa "bila kupoteza muda". Nilianza kuhesabu, nikaacha. Akichoka anaingia kwenye Kiingereza cha kelele, na ile meza ya majirani karibu na jikoni inabaki inatazamana. Nilimwambia baadaye asikilize hotuba za Mwalimu Nyerere zinazorushwa TBC Taifa. Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu mpaka 1955, na ualimu ule haukumtoka hata akiwa mbele ya uwanja mzima: anauliza swali, ananyamaza, anawaacha watu walitafune, anacheka, ndipo anajibu kwa maneno ambayo mama muuza vitumbua anayaelewa. Hakuna mahali anapowaomba wamshangilie. MC wetu aliomba makofi mara nyingi mno, hata kwa watu ambao tungewapigia wenyewe.

Utani wa makabila aliuweza. Alituchokoza Wachaga kwa pesa na Wahaya kwa unshomile, yaani kujivunia usomi, zamu kwa zamu, kila upande ukipata wake sawa na mwenzake. Alipoona babu mkwe ametabasamu bila kucheka, akahamisha mada. Hapo nilisema moyoni huyu anasoma nyuso.

Ndiyo maana kilichofuata kilinikasirisha. Baada ya chakula alielekeza maiki kwenye meza ya marafiki wa binti, akasema mabinti waliobaki wajipange, wapo wajomba wamekuja bila wake zao, na kwamba mwaka ukiisha bei inashuka. Ukumbi ulicheka. Pale mezani alikuwepo mmoja ambaye ndoa yake ilivunjika mwaka huu, na watu wengi mle ndani walilijua. Alibaki ameshika glasi, ametazama kitambaa cha meza. Binti yetu, ambaye sherehe ni yake, aliacha kucheka akamtazama rafiki yake. MC aliona. Najua aliona kwa sababu sauti yake ilishuka katikati ya sentensi. Lakini hakurudi kulitengeneza, aliita wimbo.

Nimekata maksi 15 kwa dakika moja ile, na wajumbe wenzangu waliniambia nimezidisha. Sijazidisha. Yule dada alichanga, alishona sare, aliamka alfajiri kumsindikiza mwenzake saluni. Kuwa na maiki mkononi ni kuwa na nguvu juu ya mtu asiyeweza kukujibu. Babu mkwe alisomwa uso na akaheshimiwa. Yule binti alisomwa uso na akaachwa. Tofauti ni kwamba babu ana ukoo nyuma yake.

Kesho yake jioni nilimpigia simu. Nilikuwa na daftari langu, nikaanza na goti la bibi, nikamweleza hasa alichofanya na mkono wake, kwa maana nilitaka ajue kwamba mtu alikiona. Sifa ya "ulifanya vizuri sana" haimsaidii msemaji. Hajui arudie nini. Kisha nikamtajia shangazi, "bila kupoteza muda", Kiingereza, na makofi ya kuomba. Akacheka, akasema mke wake naye humwambia hilo la makofi. Nikafika kwenye meza ya mabinti. Akanyamaza. Akasema, "Mwalimu, utani ule kila mahali unachekwa." Nikamwambia, mwanangu, nani anacheka? Meza nyingine. Uliza wanaotaniwa. Akasema amenielewa na ataacha. Kama ameacha kweli nitajua Oktoba.

Maana harusi yenyewe ya binti ni Oktoba, na upande wa wakwe ndio wenye kuchagua MC. Walituuliza. Kamati yetu ilimpendekeza huyu, nami nikasaini barua, nikaongeza sharti langu kwa mkono: hakuna utani juu ya mtu asiyeolewa, aliyeachika au asiyejaliwa mtoto, na akivunja, nusu ya pili hailipwi. Nilimsomea kwa simu kabla ya kuituma. Aliuliza kitu kimoja tu, kama orodha ya majina ya Kihaya ataipata mapema kuliko safari hii, kwa sababu huko Muleba watakuwa wengi zaidi.

Kwa anayetaka kumchukua: anafaa send-off, kipaimara, ubarikio, jubilei ya ndoa, shughuli yoyote yenye wazee wa kusema. Kwa sherehe ya vijana watupu inayotaka kelele mpaka alfajiri, tafuta mwingine, atachoka na mtachoka. Mpe majina na ratiba siku tatu kabla, mwambie nani kafiwa, nani kaachika, nani hasemeshwi na nani. DJ muweke wa kwenu anayekubali kuelekezwa kwa macho. Na mtengee chakula mapema, kwani sisi tulimsahau mpaka sahani zilipokuwa zinakusanywa, na yeye hakuuliza.